Mtoto Hufurahi Mahali Anapotegemewa: Hotuba kwa Wazazi Kabla ya Kambi za Likizo

Waheshimiwa wazazi na walezi, ndugu viongozi wa kambi, na ninyi vijana mtakaokuwa walezi wa vikundi kwa mara ya kwanza mwaka huu,

Ninawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kukaa nasi jioni hii, wakati shule zinakaribia kufungwa na kila nyumba yenye mtoto imeanza kujiuliza likizo ndefu ya majira ya joto itapitaje. Nimeombwa nizungumze juu ya kambi za watoto na juu ya furaha ya familia. Kwa kawaida mambo haya mawili huzungumzwa kana kwamba hayana uhusiano: kambi ni ya mtoto akiwa mbali na wazazi wake, na furaha ya familia ni ya siku ambazo wote wako pamoja. Mimi nimefanya kazi na watoto kambini kwa muda wa kutosha kuamini kwamba chemchemi ya mambo yote mawili ni moja. Mtoto hufurahi kwa dhati mahali anapotegemewa, yaani mahali ambapo kuna jambo litakaloharibika au kukwama asipolifanya yeye. Nitaeleza kwa nini ninaamini hivyo, na nini kinapaswa kufuata kwa mzazi ambaye wiki hii anamfungia mtoto wake begi.

Nianze na asili ya kambi zenyewe, maana waanzilishi wake walikuwa na nia ambazo leo tunazisahau kwa urahisi. Mwaka 1861, Marekani ikiwa imeingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanafunzi wa shule ya bweni ya mwalimu Frederick Gunn katika jimbo la Connecticut walitamani kuishi kama askari ambao habari zao walikuwa wakizisikia kila siku. Gunn na mkewe Abigail waliwaongoza kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, hadi pwani ya Milford, ambako walilala katika mahema, wakavua samaki na kuendesha mashua. Safari ile huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa kambi za watoto nchini humo. Upande wa Ulaya msukumo ulikuwa tofauti. Mwaka 1876 mchungaji Walter Bion wa Zurich aliwachukua watoto 68 wa familia maskini za mjini akawapeleka milimani Appenzell, wapate hewa safi, chakula cha kutosha na nafasi ya kukimbia. Mwaka uliofuata, 1877, mchungaji Willard Parsons, aliyekuwa akihudumu katika kijiji kimoja cha Pennsylvania, aliwaomba waumini wake wawapokee nyumbani kwao watoto kutoka makazi yaliyosongamana ya New York. Wachungaji hao wawili walikuwa wakitibu umaskini na hewa chafu kwa dawa waliyokuwa nayo, na dawa hiyo ilikuwa mlima, shamba na wema wa watu wengine.

Hata hivyo, mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii ni Ernest Balch, mwanafunzi wa chuo ambaye mwaka 1881 alianzisha kambi ya Chocorua katika kisiwa kidogo cha ziwa Squam, jimbo la New Hampshire. Balch alikuwa amewatazama wavulana wa familia zenye uwezo wakizurura msimu mzima katika hoteli za mapumziko, kila kitu wakiletewa na watumishi, na hali ile ilimsikitisha kwa sababu aliona kwamba watoto wale wananyimwa jambo ambalo fedha za wazazi wao haziwezi kulinunua. Kisiwani kwake hakukuwa na watumishi. Wavulana walipika, waliosha vyombo, walitunza mashua, na wapo waliolipwa kwa kazi maalumu ili wajifunze kuchuma fedha na kuitunza. Mzazi wa leo anaweza kudhani kwamba watoto waliozoea kuhudumiwa wangeichukia kambi ya namna hiyo. Kambi ile ilidumu hadi mwaka 1889, na mfano wake ukaigwa na wengi waliokuja baadaye.

Mwaka 1907, mwezi wa Agosti, Robert Baden-Powell aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, baadhi yao wakitoka katika shule za matajiri na wengine wakitoka katika familia za wafanyakazi wa miji ya jirani. Aliwagawa katika vikundi vinne, na kila kikundi akakipa kiongozi ambaye naye alikuwa mvulana. Kutoka pale ilizaliwa harakati ya skauti iliyoenea karibu dunia nzima, na ninaamini kwamba kilichoibeba mbali kiasi hicho ni ule uamuzi wa kumkabidhi mtoto wenzake na kumwambia kwa maneno na kwa vitendo: hawa wako mikononi mwako.

Sasa linganisheni nia hizo na matangazo ya kambi tunayoyaona siku hizi. Yapo mazuri, na sipendi kuwavunja moyo watu wanaojitahidi. Lakini mengi yameorodhesha burudani tupu: mabwawa yenye mitelezo, michezo ya kompyuta, wageni mashuhuri, maonyesho kila usiku, na mtoto anaonekana katika kila picha akiwa mtazamaji au mteja. Hakuna ubaya katika mtelezo wa maji, na watoto wana haki ya kupiga kelele za furaha wakiuteremka. Hofu yangu ni pale ambapo siku nzima imepangwa ili mtoto asipate hata nusu saa ya kuamua jambo, kukosea, kurekebisha na kusema kwamba kazi hii nimeifanya mimi. Mtoto aliyeburudishwa kuanzia asubuhi hadi usiku hurudi nyumbani akidai burudani zaidi, na mzazi hubaki akishangaa kwa nini gharama yote ile imezaa manung'uniko.

Kuna utafiti mmoja wa zamani unaonisaidia kulieleza jambo hili kwa viongozi wa kambi, ingawa una doa ambalo nitalitaja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliendesha kambi ya wavulana 22, wenye umri wa miaka 11 au karibu na hapo, mahali paitwapo Robbers Cave katika jimbo la Oklahoma. Wavulana hao, ambao hawakuwa wakifahamiana kabla, waligawanywa katika makundi mawili na kushindanishwa katika michezo ambayo zawadi zake zilikwenda kwa washindi peke yao. Baada ya siku chache uhasama ulikuwa umekua hadi wanachomeana bendera na kuvamiana mahali pa kulala. Watafiti walijaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha kwenye chakula na starehe, lakini watoto walitumia nafasi hiyo kutukanana na kurushiana chakula. Kilichoanza kubadili hali ni shida zilizowahusu wote. Maji ya kambi yalikatika na makundi yote mawili yakalazimika kutafuta kasoro kwenye tangi. Gari lililopaswa kwenda kuleta chakula lilikataa kuwaka, na wavulana wote wakalivuta kwa kamba, bega kwa bega na wale waliokuwa maadui zao. Siku baada ya siku makundi yakachanganyika, na safari ya kurudi nyumbani waliomba wapande basi moja.

Doa lenyewe ni kwamba shida hizo zilipangwa na watafiti kwa siri, uhasama ule ulichochewa makusudi, na wavulana hawakujua kwamba wanachunguzwa. Jambo hilo ninalilaumu waziwazi, na kanuni za sasa za utafiti zisingeliruhusu. Lakini mafundisho yake tunayo, na ingekuwa dharau kwa watoto wale tusipoyatumia. Viongozi wenzangu, msiwashindanishe watoto siku nzima kwa sababu tu mashindano huleta kelele na kelele huonekana kama furaha. Wapeni kazi zisizowezekana bila mikono ya wote: daraja la magogo la kuvukia kijito, moto wa jioni unaohitaji kuni za kutosha, onyesho la usiku wa mwisho ambalo hata mtoto mkimya kuliko wote ana sehemu yake, iwe taa, iwe pazia, iwe ngoma. Na kazi hizo ziwe za kweli. Watoto hutambua mara moja kazi iliyobuniwa ili kuwashughulisha, na hawaiheshimu.

Niingie katika jambo linalowasumbua wazazi kuliko yote, nalo ni mtoto kukumbuka nyumbani. Ninyi mlioleta watoto kambini miaka iliyopita mnaujua usiku wa kwanza: mtoto aliyekuwa akirukaruka wakati wa kuagana anaanza kuumwa tumbo taa zinapozimwa. Ninaomba tuelewane kwamba hali hii ni ya kawaida. Christopher Thurber, mwanasaikolojia aliyeichunguza hali hii kwa miaka mingi katika kambi za Marekani, ameonyesha kwamba watoto wengi huipata kwa kiasi fulani, kwamba kwa wengi wao ni nyepesi na hupungua, na kwamba ni wachache tu wanaoumia kiasi cha kuhitaji msaada wa karibu. Mwaka 2007 yeye na daktari wa watoto Edward Walton waliandika katika jarida la Pediatrics mapendekezo ambayo ningependa kila mzazi ayajue kabla ya kufunga safari.

La kwanza ni kumshirikisha mtoto katika uamuzi wenyewe. Mtoto aliyeulizwa kama anataka kwenda, aliyeonyeshwa picha za mahali, aliyechagua kati ya majuma mawili au kati ya kambi mbili, huenda akiwa mwenye safari yake, ilhali yule aliyetangaziwa usiku mmoja kwamba kesho kutwa unaondoka huenda akiwa mzigo uliosafirishwa. Jambo jingine ni mazoezi. Mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya kwao hata siku moja asianzie na kambi ya majuma mawili. Alale kwanza kwa shangazi, kwa babu na bibi, au kwa rafiki wa familia, siku mbili au tatu, bila kupiga simu kila saa, kisha mzungumze naye juu ya kilichokuwa kigumu na alivyokishinda. Kalenda nayo husaidia, kwa kuwa mtoto akiona siku zimeandikwa na mwisho unaonekana, muda huacha kuwa kitu kisicho na kingo.

Lipo pendekezo moja ambalo wazazi wengi hulipinga moyoni, na ninalishikilia kwa nguvu zote. Msimwahidi mtoto kwamba akijisikia vibaya mtakuja kumchukua. Ninajua ahadi hiyo hutolewa kwa upendo, na hutolewa mlangoni, macho ya mtoto yakiwa yameanza kulowa. Lakini mtoto anaisikia kwa namna nyingine: anasikia kwamba mama na baba hawaamini kama ataweza, na kwamba mlango wa kutokea upo, anachohitaji ni kulia vya kutosha. Mwambieni ukweli kwamba huenda atatukumbuka, kwamba sisi pia tutamkumbuka, kwamba kumkumbuka mtu ni ishara ya kumpenda, na kwamba ataijua njia ya kukaa na hisia hiyo huku akiendelea kucheza. Na ninyi walezi wa vikundi, mtoto akilia usiku, msimcheke wala msimwambie kwamba watoto wakubwa hawalii. Kaeni naye, msikilizeni, na asubuhi mpeni jambo la kufanya linalowagusa wengine: awe mwenye kupandisha bendera, awe msimamizi wa meza, aende na mpishi kuhesabu sahani. Nimeona jambo hili likifanya kazi mara nyingi mno kulitilia shaka. Mtoto anayelia kwa kujiona mgeni huacha kujiona mgeni siku anapoanza kuwakaribisha wenzake mezani.

Wapo pia watoto ambao kweli kambi hiyo haikuwafaa, au ambao nyumbani kuna msiba, ugonjwa au mtengano wa wazazi, na hao hali yao haiondoki kwa kazi ya bendera. Ikiwa mtoto hali, halali, na siku zinapita bila nafuu yoyote, kiongozi awapigie wazazi na waamue pamoja. Kumrudisha mtoto wa namna hiyo nyumbani si aibu kwa yeyote.

Tukizungumzia kupiga simu, tufike kwenye simu zenyewe. Kambi nyingi huzikusanya siku ya kwanza, na kila mwaka tunapokea malalamiko, mengi zaidi kutoka kwa wazazi kuliko kwa watoto. Mwaka 2014 Yalda Uhls na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti uliolinganisha watoto 51 waliokaa siku tano katika kambi ya nje bila skrini yoyote na wenzao wa shule moja ambao walikuwa bado hawajaenda. Kabla na baada ya siku hizo watoto walipimwa uwezo wa kusoma hisia za watu kwa kutazama nyuso na mienendo yao, na wale waliokuwa kambini waliongeza uwezo huo zaidi ya wenzao. Utafiti ulikuwa mdogo, wala haukuweza kutenganisha kukosa simu na kukaa na wenzao muda wote, na mimi nisingependa mtu atoke hapa akitangaza kwamba siku tano zinamponya mtoto. Ila kile walichokipima ndicho tunachokiona. Siku za mwanzo watoto hawajui pa kuweka mikono yao. Baada ya hapo wanaanza kutazamana usoni, kugombana na kupatana bila kumtafuta mtu mzima, kukaa kimya pamoja bila kuona haya.

Kwa hiyo ninawaomba wazazi waandike barua. Barua ndiyo mawasiliano bora ya kambini kwa sababu haimdai mtoto ajibu papo hapo, na anaweza kuisoma tena wakati wa kulala. Ziandikeni fupi, zenye habari za kawaida, zenye maswali juu ya anachokifanya. Epukeni kueleza kwa kirefu jinsi nyumba ilivyopooza bila yeye, au karamu anazozikosa, kwa kuwa maneno hayo humvuta mtoto kurudi huku miguu yake ikijaribu kusimama.

Usalama nitauzungumzia bila kupambapamba. Kumtegemea mtoto hakumaanishi kumwacha. Mtoto hupewa jukumu linalomfaa kwa sababu nyuma yake kuna mtu mzima anayejua kazi yake, na mzazi ana haki kamili ya kuuliza maswali magumu kabla ya kuacha mtoto mahali popote. Hatari kubwa zaidi katika kambi zenye maji ni maji yenyewe. Shirika la Afya Duniani linataja kuzama majini kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto, na wengi hawajui kwamba mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo wake unahangaika kupata hewa, na tukio lote linaweza kumalizika kimya, mita chache kutoka kwa watu wanaocheka. Ulizeni kambi: ni nani anayetazama maji bila kufanya kazi nyingine yoyote? Je, kila mtoto hupimwa uwezo wa kuogelea siku ya kwanza, hata yule anayejisifu kwamba anajua? Je, watoto huingia majini wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kujua mwenzake yuko wapi, na huhesabiwa mara kwa mara? Je, jaketi la kuokoa maisha huvaliwa na kila anayepanda mtumbwi, wakiwemo viongozi?

Ulizeni pia watumishi walichaguliwaje, kama historia zao zilichunguzwa, na kama ipo kanuni inayozuia mtu mzima kukaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Kambi yenye heshima haitachukizwa na maswali hayo. Ikichukizwa, mmeshapata jibu. Na mtoto mwenyewe afundishwe kabla ya kuondoka kwamba mwili wake ni wake, na kwamba siri yoyote inayomtia hofu ni ya kuambiwa mtu mzima anayemwamini, hata kama ameonywa asiseme.

Kuhusu watoto wenye maradhi au ulemavu, ninasikitika kila ninapomsikia mzazi akisema kwamba kambi si ya mtoto wangu. Mwaka 1925, miaka michache tu baada ya insulini kugunduliwa, daktari Leonard Wendt alifungua huko Michigan kambi ya watoto wenye kisukari. Mwaka 1988 mwigizaji Paul Newman alianzisha huko Connecticut kambi ya watoto wenye saratani na maradhi mengine makubwa, ambako huduma za kitabibu zipo karibu lakini mtoto anapanda farasi, anavua samaki na kupanda jukwaani kama watoto wengine. Mtoto ambaye mwaka mzima amekuwa mtu wa kufanyiwa kila jambo, wa kuchomwa sindano na kulazwa na kupimwa, anahitaji kuliko wote mahali ambapo kuna mtu anamngoja aje afanye sehemu yake. Kambi zetu za kawaida nazo zina wajibu wa kufungua milango, kutengeneza njia za viti vya magurudumu na kuwaandaa walezi, badala ya kuwasubiri wengine wajenge kambi maalumu.

Sasa niwageukie ninyi ambao watoto wenu hawaendi popote, ama kwa sababu ya gharama, ama umri, ama mipango ya nyumbani. Msidhani kwamba hotuba hii inawahusu wengine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 31, unatambua haki ya kila mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki katika burudani zinazolingana na umri wake, na haki hiyo haikuandikiwa wenye uwezo wa kulipia kambi.

Chukueni kile kinachofanya kambi kuwa kambi, mkilete nyumbani. Familia nyingi hupanga siku ya matembezi kama zawadi: wazazi huamua, wazazi hulipa, wazazi hubeba, watoto huketi kiti cha nyuma wakiuliza tumefika. Jaribuni kuigeuza. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuandika orodha ya vitu vya kubeba na kuhakikisha vipo. Mtoto wa miaka 11 anaweza kukabidhiwa ramani na fedha ya matumizi ya siku, kisha akaamua kama watanunua kinywaji sasa au watasubiri. Wa miaka 5 anaweza kuwa mwenye kuhesabu watu kila mnapohama, na ataifanya kazi hiyo kwa uzito unaostahili kuheshimiwa. Mambo yatakwenda taratibu zaidi, na pengine kitu kitasahaulika. Acheni kisahaulike, mradi si dawa wala maji. Siku ambayo mtoto alisahau mkeka na familia ikala imesimama husimuliwa kwa miaka mingi, ilhali siku iliyopangwa na wazazi bila kasoro hupotea ndani ya nyingine.

Kulala katika hema uani, au hata kutandika magodoro sebuleni na kuzima taa zote isipokuwa tochi moja, kunaweza kumpa mtoto mdogo sehemu kubwa ya kile anachokwenda kukitafuta mbali: giza lisilo la hatari, hadithi, vicheko vya kuchelewa kulala, na wazazi ambao kwa usiku mmoja wanalala sakafuni kama yeye. Zipo pia kambi za familia nzima, ambako baba anasukuma kasia vibaya mbele ya watoto wake na mama anajifunza kulenga mshale kwa mara ya kwanza. Ninazipenda kwa sababu mtoto humwona mzazi akiwa mwanafunzi, na mara nyingine humfundisha, na sijui zawadi nyingine inayomwinua mtoto kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Mzazi asiyepata likizo kazini asijihukumu. Saa moja ya jioni ambayo simu ya mzazi imewekwa chumba kingine, ikirudiwa kila siku kwa wakati uleule, hujenga zaidi ya safari moja kubwa ambayo mzazi yupo kwa mwili tu. Katika saa hiyo mtoto achague mchezo, naye mzazi acheze kwa bidii. Na saa nyingine za siku, mtoto akisema amechoshwa na kukaa bila la kufanya, msikimbilie kumtafutia burudani. Mpeni muda. Michezo mingi mizuri ya utotoni ilibuniwa na watoto waliokuwa wamekaa tu.

Limebaki la kurudi. Mtoto akitoka kambini atakuwa amechoka kuliko anavyokiri, kwa hiyo siku ya kwanza mwacheni alale na msimhoji kama shahidi. Habari zitatoka zenyewe, vipande vipande, wakati wa kuoga au njiani kwenda dukani, na zitakuwa na majina ya watu msiowajua na nyimbo zisizo na maana kwenu. Ziimbeni naye. Atajaribu pia, kwa siku chache, kuendelea kuwa yule aliyekuwa kule: atatandika kitanda bila kuambiwa, atainuka mezani akusanye sahani za wote, atataka kuwasha moto mwenyewe au kumfundisha mdogo wake kufunga fundo. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza kile walichokilipia, kwa kusema acha nitafanya, wewe umechoka, utavunja. Mwachieni kazi hiyo iwe yake kuanzia siku hiyo, na sahani ikivunjika inunuliwe nyingine.

Ninawashukuru kwa kunisikiliza. Walezi wa vikundi watasimama sasa ili muwaone nyuso zao, na muuguzi wa kambi amekaa mezani upande wa kulia kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wana mzio, wanatumia dawa, au hukojoa kitandani usiku na wangependa lishughulikiwe kwa siri bila mtoto kuaibishwa. Maswali mengine yote, yakiwemo yale mnayoona haya kuyauliza, nitayapokea hapa hapa.